Drury Lane: Jumba Lililolishwa na Miguu

Karne ya 17 ilipokuwa inaipisha ya 18, Christopher Rich, mwanasheria aliyesimamia jumba la maonyesho la Drury Lane jijini London, alitaka kumpandisha tembo kwenye jukwaa la Dorset Garden, jumba lake jingine. Haukuwa mzaha. Alikwisha kuzungumza na wenye mnyama kuhusu malipo ya kila siku. Heshima kwa Shakespeare haikumzuia hata kidogo. Aliyemzuia ni mwashi wake, aliyemweleza kwamba ukuta ukibomolewa kiasi cha kumpitisha tembo, jengo zima linaweza kuja chini.

Aliyekisimulia kisa hicho ni Colley Cibber, mwigizaji aliyefanya kazi chini ya Rich ujanani akaishia kuwa mmoja wa wakuu wa Drury Lane. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1740, anakisimulia kwa kebehi ya mtu aliyeonewa na bosi asiyejua sanaa. Ila Cibber huyohuyo, alipokabidhiwa funguo, alijaza jukwaa mashetani, wachawi, miungu ya Kirumi na wezi wa mjini, wote wakicheza dansi, na viingilio akavipandisha. Historia ya Drury Lane mwanzoni mwa karne ya 18 ni ya nyumba iliyojitangaza kuwa mlezi wa maneno mazuri huku hesabu zake zikiokolewa na watu wasiosema neno.

Jumba lilizaliwa kwa hati ya kifalme. Uingereza ilikuwa imefunga kumbi zake za maigizo kwa miaka 18, tangu 1642, chini ya Wapuritani waliouona mchezo wa kuigiza kuwa dhambi. Mfalme Charles II aliporejea mwaka 1660 alitoa ruhusa kwa vikundi 2 tu vya London, kimoja cha Thomas Killigrew na kingine cha William Davenant. Jumba la Killigrew, karibu na barabara ya Drury Lane, lilifunguliwa tarehe 7 Mei 1663. Liliungua Januari 1672. Jengo la pili likafunguliwa Machi 1674, na hilo ndilo lililobeba sehemu kubwa ya kinachosimuliwa hapa. Lilidumu hadi lilipobomolewa mwaka 1791.

Wanawake walikuwa wameruhusiwa kuigiza, jambo lililokuwa geni kwa Waingereza, na tamthilia za kuchekesha zilistawi mara moja. Zilikuwa hadithi za mabwana wadanganyifu, wajane wenye mali na waume wanaoibiwa wake. Dansi ilikuwa ndani yake tangu awali: mambo yakishatatuliwa, mahari ikishakubaliwa, wachezaji hushikana mikono na kucheza kabla ya maneno ya mwisho. George Farquhar aliigeuza desturi hiyo kwa ujanja mwaka 1707 katika *The Beaux' Stratagem*, iliyochezwa kwanza katika jumba la Haymarket. Hapo dansi ya mwisho inawasherehekea wanaooana pamoja na mume na mke wanaoachana, wakifurahia kuachana kwao kuliko walivyowahi kufurahia ndoa. Katika nchi ambayo talaka ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, watazamaji hawakuhitaji kufafanuliwa utani huo.

Kilichoifanya dansi itoke kwenye pembe ya tamthilia na kukaa katikati ya mlo ni ugomvi. Mwaka 1695 mwigizaji mkongwe Thomas Betterton, akiwa amechoshwa na ubahili wa Rich, aliondoka na waigizaji bora wa Drury Lane. Walihamia uwanja wa zamani wa tenisi uliogeuzwa ukumbi huko Lincoln's Inn Fields, na kufungua tarehe 30 Aprili kwa *Love for Love* ya William Congreve. London ikawa na nyumba 2 zinazogombea watazamaji walewale. Rich, aliyebakiwa na vijana wasiojulikana, Cibber akiwa mmoja wao, alikuwa tayari kununua chochote kitakachojaza mabenchi. Betterton naye, pamoja na adhama yake yote, alilazimika kufuata. Alimleta kutoka Paris mchezaji Claude Balon, kwa malipo yaliyotajwa kuwa gini 400 kwa wiki 5. Waigizaji waliokesha wakikariri mistari ya Shakespeare walinung'unika, na walikuwa na sababu.

Jioni ya ukumbini ya wakati huo haikufanana na ya leo. Mishumaa iliwaka pande zote, kwa hiyo watu waliangaliana wao kwa wao kama walivyoangalia jukwaa. Mabwana na mabibi walikaa katika boksi za pembeni kwa shilingi 4. Chini, kwenye mabenchi yaliyoelekea jukwaa, walikaa wanasheria, waandishi na wajuaji wa mji. Juu kulikuwa na roshani 2 za watu wa kipato kidogo. Aliyechelewa hadi baada ya sehemu ya tatu ya mchezo alilipa nusu. Rich aliongeza jambo lake mwenyewe: aliwafungulia bure roshani ya juu watumishi waliokuwa wakiwasubiri mabwana zao nje, akitumaini kwamba wataisifu nyumba yake mjini. Waliisifu, na pia walipiga kelele kiasi cha kuwakera waliolipa. Fadhila hiyo ilikuja kuondolewa mwaka 1737, baada ya ghasia.

Kati ya sehemu moja ya mchezo na nyingine paliletwa dansi. Mabango yalizitangaza kwa majina: dansi ya nahodha wa Kiholanzi, ya wakulima, ya mlevi, ya viatu vya mbao, ya Scaramouch kutoka michezo ya Kiitaliano. Hazikuhusiana na mchezo wenyewe. Hamlet angeweza kumaliza kuongea na mzimu wa baba yake, kisha akaingia baharia akarukaruka kwa dakika kadhaa, kisha Denmark ikaendelea na misiba yake. Wahakiki walichukia. Watazamaji wa nusu bei walikuja hasa kwa ajili hiyo.

Mwaka 1706 aliingia Drury Lane msichana aliyeitwa Hester Santlow, na mambo yakabadilika. Alianza kama mchezaji dansi. Tarehe 6 Februari 1707, siku ya kuzaliwa kwa Malkia Anne, alicheza kasrini na Mfaransa Desbarques dansi iliyoitwa *The Union*, iliyotungwa na Bwana Isaac, mwalimu wa dansi wa kasri, kusherehekea muungano wa Uingereza na Uskoti uliokuwa unakamilishwa mwaka huo. Miaka 3 baadaye alijaribiwa kwenye tamthilia ya kuchekesha, *The Fair Quaker of Deal* ya Charles Shadwell, akiwa binti mpole wa dhehebu la Quaker, na London ikagundua kwamba yule wa kucheza anaweza pia kusema. Cibber, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, aliueleza upole wa sauti yake kuwa uliomfaa mhusika huyo barabara.

Bahati ya msomaji wa leo ni kwamba miguu ya Santlow haikupotea kabisa. Huko Paris, mwaka 1700, Raoul-Auger Feuillet alikuwa amechapisha mfumo wa kuandika dansi kwa alama: mstari unaoonyesha njia ya mchezaji sakafuni, na pembeni yake vijialama vya kila kukunja goti, kila mruko na kila mzunguko. Anthony L'Abbé, mwalimu wa dansi aliyefanya kazi London, alitoa miaka ya 1720 mkusanyo wa dansi za jukwaani ulioandikwa kwa mfumo huo, na baadhi yake zimetajwa kuwa zilichezwa na Santlow. Ni ngumu. Wachezaji wa sasa waliozifufua huzifanyia mazoezi ya muda mrefu, nao huzicheza wakiwa hawajavaa gauni zito la karne ya 18.

Aliyeuleta mfumo wa Feuillet kwa Kiingereza, mwaka 1706, alikuwa John Weaver, mwalimu wa dansi kutoka Shrewsbury, mji wa magharibi karibu na mpaka wa Wales. Weaver alikuwa mtu wa vitabu kuliko watu wa kazi yake walivyozoea kuwa. Alisoma waandishi wa Roma ya kale na kukuta habari za Pylades na Bathyllus, wachezaji waliosimulia hadithi nzima za miungu bila kufungua kinywa. Akajiuliza kwa nini dansi ya Kiingereza imebaki kuwa kurukaruka tu. Mwaka 1712 alitoa kitabu cha historia ya dansi, na Richard Steele, mwandishi maarufu wa gazeti la *The Spectator*, akampigia debe humo.

Steele ni kiungo muhimu. Christopher Rich alikuwa amenyang'anywa Drury Lane na serikali mwaka 1709, na jumba likaangukia mikononi mwa waigizaji wenyewe: Cibber, Robert Wilks na Thomas Doggett, ambaye nafasi yake ilichukuliwa baadaye na Barton Booth. (Doggett, mchekeshaji aliyepandwa na hasira kuhusu Booth akajiondoa, aliacha jina lake mtoni: mashindano ya makasia aliyoyaanzisha kwenye Thames mwaka 1715 yanafanyika hadi leo.) Mwaka 1715 Steele alipewa hati ya kifalme ya jumba hilo. Haikuchukua muda Weaver akawa kazini Drury Lane.

Tarehe 2 Machi 1717 lilionyeshwa pale igizo la dansi lililoitwa *The Loves of Mars and Venus*. Hakuna aliyesema wala kuimba ili kuisukuma hadithi mbele. Mars, mungu wa vita, alichezwa na mtu aliyeitwa Dupré. Venus alikuwa Santlow. Na Vulcan, mhunzi kilema na mume anayesalitiwa, alikuwa Weaver mwenyewe. Wasiojua kisa watakijua upesi: mke mzuri anampenda askari, mume anasikia, mume anafua wavu wa chuma usioonekana, wapenzi wananaswa ndani yake, na miungu yote inaitwa kuja kuona na kucheka. Ni kichekesho cha mume aliyeibiwa mke, kilekile ambacho Drury Lane ilikuwa imekiuza kwa maneno kwa zaidi ya miaka 50. Weaver alikiondolea maneno.

Aliuza pia kijitabu cha kumsaidia mtazamaji, na kijitabu hicho ni hazina. Humo ameeleza mwili unavyosema. Wivu huonyeshwa kwa mikono iliyoning'inia, kwa kidole cha kati kuelekezwa jichoni, na kwa mwendo wa mtu asiyejua aende wapi. Hasira ni mkono wa kulia kuupiga wa kushoto ghafla. Mshangao wa kupendezwa ni mkono kuinuliwa, vidole vikiwa vimefumbwa, kisha kiganja kuzungushwa na vidole kuchanua. Onyesho la pili, Vulcan anapoingia chumbani kwa Venus, ni mabishano ya mume na mke yanayochezwa kwa ishara hizo: mume anatisha, mke anajirembesha na kumdharau, mume anaghadhibika zaidi. Ukisoma maelezo hayo leo unawaona wote wawili.

Wakuu wa jumba hawakuamini kama lingependwa. Cibber anakiri kwamba hawakuthubutu kutumia fedha nyingi kwa mapambo yake wala mavazi. Lilipendwa hivyohivyo, na anaongeza kwamba hata watazamaji wenye kufikiri walilikubali kuwa burudani yenye akili. Kwa Cibber, hiyo ni sifa kubwa.

Jirani hakulala. Lincoln's Inn Fields ilikuwa imefunguliwa upya Desemba 1714 na John Rich, mwana wa yule wa tembo, baba yake akiwa amefariki wiki chache tu kabla. Kwa kusema, kijana huyu hakuwa mwigizaji wa maana. Kwa mwili hakuwa na mpinzani. Alijipa jina la Lun, akavaa kinyago cheusi na nguo za viraka vya rangirangi za Harlequin, mtumishi mjanja wa vichekesho vya Kiitaliano, na kumfanya Mwingereza. Novemba 1717 alijibu *Mars and Venus* ya Weaver kwa mzaha wake uliomweka Harlequin katika kisa hichohicho, jina lake la pili likiwa mtego wa panya. Baadaye alijulikana kwa onyesho la Harlequin akianguliwa kutoka yai: ganda linapasuka, kiumbe kinatoka, kinajaribu mguu mmoja, kisha mwingine, hadi kinagundua kwamba kinaweza kutembea.

Hapo ndipo pantomimu ilipozaliwa kama Waingereza walivyokuja kuijua: nusu hadithi nzito ya miungu yenye nyimbo na dansi za heshima, nusu vurugu za Harlequin anayemkimbiza msichana huku akikimbizwa na baba wa msichana. Weaver aliiona kama mtoto asiye wake. Yeye alitaka kufufua Roma, na alichokipata ni viti vinavyogeuka kuwa meza.

Vita vilifika kileleni mwaka 1723. Tarehe 26 Novemba Drury Lane ilitoa *Harlequin Doctor Faustus*, kazi ya mwalimu wa dansi John Thurmond, kuhusu mganga aliyeiuza roho yake kwa shetani. Tarehe 20 Desemba Rich akajibu na Faustus wake, *The Necromancer*. Mji ukagawanyika kujadili mashetani ya nani ni bora, na jibu la wengi lilikuwa ya Rich. Siku za pantomimu bei ilipanda, boksi zikafika shilingi 5. Baadaye ikawa desturi kutangaza kwamba asiyetaka kubaki baada ya tamthilia kuu atarudishiwa nyongeza aliyolipa. Hiyo ilikuwa njia nzuri ya kuwanyamazisha wanaolalamika, kwani wengi wa waliolalamika walibaki vitini.

Drury Lane ilijaribu kushika habari za mjini zikiwa bado moto. Jack Sheppard, mwizi kijana aliyetoroka gerezani mara 4, alinyongwa tarehe 16 Novemba 1724. Siku 12 baadaye Thurmond alikuwa na *Harlequin Sheppard* jukwaani. Ilizomewa. William Hogarth, mchoraji aliyekuwa bado hana jina, alitoa picha ya kuchapwa iliyowaonyesha Cibber, Wilks na Booth wakichezea vikaragosi vya kamba mezani, Sheppard akipitishwa kwenye shimo la choo, na kurasa za *Hamlet* na *Macbeth* zikiwa zimetundikwa tayari kwa matumizi ya chooni. Ni mzaha mkali, na haukuwa wa haki kabisa. Watatu hao walikuwa na waigizaji wa kulipa mishahara, na Shakespeare peke yake hakuwatosha.

Cibber mwenyewe alijitetea kwa uwazi unaomfanya apendeke: alijua anachofanya ni kibaya, akakifanya dhidi ya dhamiri yake, kwa kuwa hakuwa na uadilifu wa kutosha wa kukubali kufa njaa. Wachache kati ya wakuu wa kumbi za sanaa waliowahi kuandika kumbukumbu zao wamesema kweli namna hiyo.

Pigo lake kubwa halikutoka kwa Harlequin. John Gay alimletea tamthilia ya kuchekesha yenye nyimbo zilizotiwa kwenye tuni za mitaani, wahusika wake wakiwa majambazi na wasichana wao. Cibber aliikataa. Rich aliichukua, akaifungua tarehe 29 Januari 1728, na *The Beggar's Opera* ikachezwa mara 62 msimu huo wa kwanza. Mji ukasema imemfanya Gay tajiri na Rich mchangamfu, kwa kuyapindua majina yao, kwani kwa Kiingereza *rich* ni tajiri na *gay* ni mchangamfu. Mwaka uliofuata Cibber alijitungia ya kwake ya namna hiyo, ikazomewa. Rich alitumia faida yake kuhamia jumba jipya la Covent Garden, lililofunguliwa Desemba 1732. Ni huko, mwaka 1734, Mfaransa Marie Sallé, aliyewahi kucheza kwa Rich akiwa mtoto, alipoishangaza London katika *Pygmalion* akiwa na kanzu nyepesi ya kitambaa laini na nywele wazi.

Kizazi cha Drury Lane kiliisha kwa pamoja. Wilks alifariki 1732. Booth, aliyemwoa Santlow mwaka 1719, alifariki 1733. Mkewe akaacha jukwaa mwaka huohuo na kuishi miaka 40 zaidi. Cibber aliuza hisa zake. Weaver alirudi mara moja mwaka 1733 na *The Judgment of Paris*, kisha akarejea Shrewsbury kufundisha watoto wa watu kuinama na kutembea kwa adabu.

David Garrick alipochukua jumba mwaka 1747 aliapa kurudisha hadhi ya Shakespeare, naye alitoa pantomimu kama waliomtangulia. Mke wake mwenyewe, Eva Maria Veigel, alikuwa mchezaji dansi. Mwaka 1755 alimwalika Jean-Georges Noverre kutoka Ufaransa pamoja na kundi lake. Vita na Ufaransa vilikuwa vinanukia, na watazamaji wa roshani hawakutaka kuona Wafaransa: walivunja mabenchi na taa, wakapigana na mabwana wa boksi waliotetea dansi, kisha wakaenda kuvunja madirisha ya nyumba ya Garrick.

Jengo la sasa, la nne, limesimama tangu 1812. La tatu liliungua mwaka 1809. Hili la nne lilikarabatiwa kwa pauni milioni 60 na kufunguliwa tena mwaka 2021, na bado linaishi kwa muziki, mitambo na dansi. Kila tarehe 6 Januari waigizaji wake hula keki inayotokana na pauni 100 alizoziacha Robert Baddeley, mpishi wa mikate tamu aliyegeuka mwigizaji wa Drury Lane na kufariki mwaka 1794. Baddeley anakumbukwa kwa keki hiyo kuliko kwa wahusika aliowaigiza.

Weaver hakuachiwa hata keki. Alifariki Shrewsbury Septemba 1760, mwaka uleule ambao barua za Noverre kuhusu dansi inayosimulia hadithi zilichapwa Stuttgart na Lyon na kumpa Mfaransa huyo sifa ya kuwa baba wa baleti ya aina hiyo. Sifa hiyo imerudiwa katika vitabu vingi. Anayetaka kuiandika historia hiyo kwa haki aanzie Drury Lane, tarehe 2 Machi 1717, miaka 43 kabla ya barua za Noverre.